Ngata ya Zawena katika Nchi Isiyo na Kilima

Ipo nchi moja ambayo haipo. Nalisema hili mapema, asije msomaji akaruka na kusema naijua hiyo, mjomba wangu anafanya kazi huko. Haipo, na anayeitambua aitambue kwa hiari yake mwenyewe. Inaitwa Tambarare, na jina hilo ilipewa na bunge lake, mwaka ule waheshimiwa walipokaa siku kumi na moja kujadili kilima.

Kilima kilikuwa katikati ya mji mkuu, na kilikuwa kirefu kweli. Juu walikaa wakubwa, maana juu kuna upepo. Chini walikaa watu wengine wote, maana chini ndiko walikobaki. Sasa watu wa chini wakaanza kunung'unika. Mara maji ya bomba yanaishia juu, mara lami inaishia juu, mara daktari akipandishwa cheo tu naye anahamia juu. Manung'uniko yalipofika bungeni waheshimiwa, ambao ni watu wa huruma, walikubaliana kwamba tatizo ni kile kilima. Mbunge mmoja mgeni akashauri kisawazishwe kwa tingatinga. Akakumbushwa taratibu kwamba nyumba yake mpya ipo juu, akaomba radhi. Ndipo Waziri wa Usawa akasimama, akajifuta jasho na kutoa hoja kwamba kilima kifutwe kwa sheria.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "mataifa mengine yanahangaika miaka mia kuondoa tofauti kati ya watu wao. Sisi tutaziondoa leo, kabla ya chakula cha mchana."

Zikaondolewa. Ikapitishwa Sheria ya Tambarare, iliyosema kwamba nchi yote ni bapa, na kwamba raia wote, kwa kuwa wanasimama juu ya ardhi iliyo sawa, wako sawa. Maneno kilima, mwinuko na mteremko yakapigwa marufuku. Neno kupanda liliachiwa wakulima peke yao, nao kwa kibali. Juu ikaitwa Mbele, chini ikaitwa Nyuma. Mtu wa Nyuma alipokwenda Mbele hakuwa anapanda chochote. Alikuwa anakwenda mbele, kama taifa linavyotaka, na akitweta njiani basi hana mazoezi.

* * *

Yusra alizaliwa Mbele miaka minne baada ya sheria hiyo, na kwa hiyo hakuwahi kuona kilima. Alikulia juu yake. Baba yake, Bwana Tawfiki, alikuwa Mkurugenzi wa Idara ya Usawazishaji, mtu mpole mwenye sauti ya taratibu, asiyepiga mtu wala kumfokea dereva. Nyumba yao ilijengwa ubavuni, hivyo mchuzi ulikuwa ukilalia upande mmoja wa sahani. Ili kurekebisha hali hiyo, miguu miwili ya meza iliwekewa nakala za Sheria ya Tambarare, tatu kila mguu. Yusra alikula juu ya meza hiyo miaka kumi na mitatu bila kuuliza kitu. Mtoto akizaliwa akakuta meza imetulia, atauliza nini?

Shule yake ilikuwa Shule ya Msingi Usawa. Serikali iliijenga katikati kabisa ya Mbele na Nyuma, ili pasiwe na upendeleo. Kutoka Mbele ilikuwa mwendo wa dakika nne kwa gari. Kutoka Nyuma ilikuwa saa moja na robo kwa miguu.

Shule hiyo haikuwa na bomba, ila ilikuwa na Ndoo ya Usawa. Kila mwanafunzi alipewa ndoo moja ya bluu ya lita kumi, yenye jina lake na mstari mwekundu ndani, karibu na ukingo. Kila asubuhi alitakiwa kufika mstarini na maji hadi kwenye mstari ule. Hapo hapakuwa na mtoto wa fulani. Ndoo moja, mstari mmoja, kengele moja. Wageni kutoka nje walipoletwa kutazama watoto mia nne wamepangwa foleni na ndoo za rangi moja, baadhi yao walitoa leso.

Aliyepima alikuwa Afisa Usawa wa Wilaya, Bwana Mkwanda, mwenye kijiti chake na kopo la rangi. Maji yakiwa chini ya mstari, alichora pete nyeupe kuizunguka ndoo. Pete hiyo ndiyo iliyoitwa alama ya uvivu. Ndoo ikipata pete saba, mwenye ndoo alisimamishwa mbele ya wenzake, akasaini Hati ya Uvivu, akaondolewa kwenye Mtihani wa Taifa na kupelekwa Kitengo cha Vitendo. Kitengo cha Vitendo kilibeba matofali ya nyumba zinazojengwa Mbele. Na kwa kuwa Tambarare ni nchi ya haki, hati hiyo ilihitaji shahidi, naye alikuwa ni yule anayekaa dawati moja na mhusika. Nani ataujua uvivu wako kumshinda jirani yako wa dawati?

Labda msomaji anataka kujua maji yote hayo yalikwenda wapi. Yalihifadhiwa hadi Ijumaa. Ijumaa, shule nzima ikitazama, yalimwagwa uwanjani kuthibitisha kwamba ardhi ni bapa, kwa maana juu ya ardhi bapa maji hutulia. Ila maji hayakuwa yameisoma sheria. Yakimwagwa tu, yalikusanyika, yakapita chini ya geti na kukimbilia Nyuma kwa kelele. Kwa sababu hiyo utaratibu ulitaka wakubwa wafumbe macho na kuhesabu hadi kumi. Wakifumbua, uwanja ulikuwa mtupu, na Bwana Mkwanda aliandika: maji yametulia. Huko Nyuma kina mama walikuwa wameshatega mabeseni mtaroni. Waliyachuja yale maji kwa kitambaa, na Jumatatu watoto wao waliyabeba tena kuyarudisha shuleni.

* * *

Ndoo ya Yusra haikuwa na pete hata moja. Ilijazwa kwenye bomba la uani na dada wa kazi, ikafunikwa mfuniko, ikawekwa ndani ya gari kati ya viti. Dereva, Mzee Chande, aliishusha, akaibeba hadi mstarini, akaitua miguuni pa Yusra. Yusra aliinua mkono wa ndoo wakati wa kupimwa, akaushikilia hadi Bwana Mkwanda aseme safi. Kwa kazi hiyo alikuwa amepata Nishani ya Jitihada mara tatu. Nishani alizivaa kwa moyo mweupe kabisa, maana kwa kweli mkono ulikuwa ukimuuma kidogo.

Aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tatu aliitwa Zawena. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya kusinzia na kichwa kisichosinzia. Sehemu, desimali, umbo la pipa na maji yanayoingia humo kwa dakika, vyote alivieleza kwa Yusra kwa kalamu ya risasi pembeni mwa daftari, kisha akafuta. Yusra alikuwa wa kwanza darasani. Zawena alikuwa wa kumi na tisa, kwa kuwa vipindi vya asubuhi vilimpita akiwa bado nyuma kwenye foleni ya kupimwa ndoo.

Ndoo yake ilikuwa na pete sita.

Yusra alimpenda Zawena, hilo lisitiliwe shaka. Na kwa kuwa alimpenda, siku moja alimshauri.

"Lakini Zawena, kwa nini usiwe unaamka mapema kidogo? Na njiani usicheze."

Zawena alimtazama kwa muda, kama mtu anayeangalia kama kuna mzaha. Hakuuona.

"Nitajaribu," akasema.

Zilibaki wiki tatu mtihani ufanyike. Kila asubuhi kijiti cha Bwana Mkwanda kiliingia kwenye ile ndoo na Yusra hakukiondolea macho hadi kitoke. Aliogopa kwa ajili ya rafiki yake. Aliogopa pia kwa ajili ya pipa na yale maji ya kila dakika, na woga huu wa pili ulimtia aibu, akausukuma nyuma ya ule wa kwanza.

Alimwendea Mwalimu Mkuu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Yusra. Baba hajambo?"

"Hajambo. Mwalimu, gari letu lina nafasi. Tunaweza kupita kwa kina Zawena tukamchukua yeye na ndoo yake."

Mwalimu Mkuu Kibwana alifunga mlango kwanza.

"Mwanangu, kusaidiana ni jambo zuri, na hapa shuleni tunalifundisha kila Jumatano. Lakini tazama. Anayesaidiwa ni nani? Ni yule aliye pungufu. Ukimsaidia Zawena, unatangaza kwamba wewe na yeye hamko sawa. Unataka kumdhalilisha mwenzako hivyo? Na unataka kuvunja sheria aliyoiandika baba yako kwa mkono wake?"

Yusra hakutaka kumdhalilisha mtu. Alitoka akiwa amekatazwa, na wakati huohuo akiwa amesifiwa, asijue lini kimoja kiligeuka kikawa kingine.

* * *

Alhamisi alimwomba Mzee Chande amfikishe Nyuma kabla hakujapambazuka vizuri, kisha aendelee na ndoo shuleni peke yake. Mzee Chande aliendesha akiwa amekanyaga breki njia nzima, jambo ambalo katika nchi bapa halina maelezo. Wala hakulieleza.

Nyumba ya kina Zawena ilikuwa ya vyumba viwili, karibu na mtaro. Mama yake alikuwa akichuja maji. Alipomwona binti wa Mkurugenzi mlangoni alikitupa kitambaa, akachukua kiti, akakifuta mara mbili.

"Karibu mwanangu, karibu. Kuna tatizo? Zawena kafanya nini?"

"Shikamoo mama. Hakuna tatizo. Nimekuja tuongozane shule."

"Kuongozana," mama alirudia, akamtazama binti yake. "Kwa miguu?"

Zawena alikwenda kisimani saa kumi alfajiri na alikuwa amerudi punde tu, nywele zake zikiwa na umande. Alichukua kitambaa cha khanga iliyochakaa, akakizungusha mkononi kikawa ngata, akakiweka utosini. Mama alimtwika. Hakuna tone lililoanguka. Wakaanza safari.

Dakika kumi za kwanza Yusra aliongea. Dakika kumi zilizofuata alisikiliza pumzi zake. Ardhi ya Tambarare, ambayo alikuwa ameichora bapa katika mitihani yote ya Jiografia na kupata vema, ilikuwa imesimama mbele ya pua yake. Palikuwa na mahali ambapo njia ilikatwa ngazi kwa jembe, na watu wazima walikuwa wakishika majani ili wasirudi nyuma. Mzee mmoja mwenye gunia la mkaa aliwapita akisema tu, "Twende mbele, wanangu, twende mbele." Watoto wa darasa la kwanza walikuwa na vifuniko vya majani ya mgomba juu ya ndoo zao, na kila waliporuka jiwe, maji yaliruka nao.

Yusra alisimama. Alikumbuka amka mapema. Alikumbuka usicheze. Alitamani ardhi immeze, nayo ilikuwa imara, yenye mawe.

"Zawena, nipe nibebe."

"Acha tu. Tutachelewa."

"Kidogo tu. Hadi pale kwenye jiwe."

"Yusra, hujazoea."

"Nipe, tafadhali. Nitajisikia vibaya nisipokusaidia."

Alikuwa ameomba mara tatu, na kule Nyuma mtoto wa Mkurugenzi hakataliwi mara tatu. Zawena alitua ndoo, akamwekea ngata utosini, akaisawazisha kwa vidole viwili, akamtwika taratibu kama anavyotwikwa mdogo wake.

"Usitazame chini," akamwambia. "Shingo ndiyo inabeba."

Yusra alipiga hatua tano. Zilikuwa hatua tano za furaha kubwa, nazo nazitaja kwa sababu baadaye hakumwambia mtu yeyote kwamba alifurahi. Ya sita akatazama chini.

Maji yaliteremka njiani yakiharakisha, yakampita mzee mwingine miguuni, yakaingia mtaroni. Ndoo ilijigonga kwenye jiwe na kusimama. Zawena aliiendea na kuangalia ndani. Ilibaki nusu.

Hakulia, na Yusra alitamani sana alie. Aliichukua ndoo, akaitia kichwani bila ngata, maana ngata ilikuwa mkononi kwa Yusra, na hakukuwa na muda wa kupeana. Kengele ilikuwa inasikika.

* * *

Mstarini, ndoo ya Yusra ilikuwa imeshafika. Imejaa hadi kwenye mstari, na Mzee Chande amesimama pembeni akitazama viatu vyake. Bwana Mkwanda aliipima na kusema safi. Akaona vumbi kwenye soksi za Yusra, akaongeza: "Na leo amekuja kwa miguu! Mnaona jitihada, ninyi wengine?"

Kisha akaifikia ndoo ya Zawena, na kijiti kililowa nusu tu. Akachovya brashi. Pete ya saba ilikosa nafasi, ikabidi ichorwe juu ya jina.

Hati ya Uvivu ililetwa juu ya sinia iliyotandikwa kitambaa. Zawena aliisoma kwa sauti, na alisoma vizuri, kwa vituo vyote: "Mimi, kwa hiari yangu, nikiwa juu ya ardhi iliyo sawa na ya wenzangu, na baada ya kupewa ndoo iliyo sawa na ya wenzangu, nimechagua kubaki nyuma. Sina wa kumlaumu." Akasaini. Kalamu ikapewa Yusra.

"Hapa, binti, kwenye shahidi," alisema Bwana Mkwanda kwa upole. "Jina kamili."

"Siwezi," Yusra akasema. "Si mvivu. Nimeyamwaga mimi."

Bwana Mkwanda aliitazama hati juu na chini. "Hati haina swali la nani kamwaga."

Ndipo Yusra akalia, na akilia akasema yote, mbele ya watoto mia nne. Akasema ndoo yake inakuja kwa gari. Akasema nishani zake zote tatu ni za Mzee Chande. Akasema hesabu zake ni za Zawena. Akanyoosha mkono kuelekea walikotoka, na kusema, "Na kile ni kilima. Nimekipanda leo. Ni kilima!"

Watoto wa darasa la kwanza walitazama miguu yao. Mwalimu wa zamu alidondosha chaki na hakuiokota. Bwana Mkwanda alifungua mdomo kuita askari, kisha akalikumbuka jina la ukoo la huyu mtoto. Mdomo ukabaki wazi, jasho likamtoka, na katika shida ile kubwa akapata wazo ambalo lingempandisha cheo.

"Tafakuri!" alipaza sauti. "Wanafunzi, mmesikia? Hii ndiyo inayoitwa tafakuri! Mtoto aliyejaliwa kila kitu amejitazama moyoni, akalia hadharani. Hakulazimishwa! Sheria yetu inakataza kilima, haikatazi uchungu. Na hilo neno alilolitamka, amelitamka kishairi. Mpigieni makofi!"

Makofi yakapigwa. Yalikuwa mengi, maana watoto walikuwa na hofu. Zawena naye alipiga, kwa sababu mwalimu wa zamu alikuwa akimtazama.

"Na sahihi ya shahidi?" Mwalimu Mkuu alinong'ona.

"Aliyezungumza kirefu namna ile juu ya hati, amekwisha kuishuhudia," akajibu Bwana Mkwanda. "Andikeni maneno yake, tuyaambatanishe."

Yakaandikwa, yakabanwa kwa pini nyuma ya Hati ya Uvivu, kurasa mbili. Mchana huo Zawena alipelekwa Kitengo cha Vitendo. Ngata yake ilibaki mkobani mwa Yusra.

* * *

Yusra aliingia nyumbani akitegemea kufokewa. Alikuta baba amesimama, akitabasamu.

"Waziri amenipigia mwenyewe," alisema Bwana Tawfiki. "Amesikia. Anasema miaka yote tumekosa kitu kimoja tu katika sheria ile, nacho ni machozi. Kutakuwa na Siku ya Tafakuri kila mwezi, nchi nzima. Watoto wa Mbele watasimama na kusema walichojaliwa. Jambo hilo watu wakilisema wenyewe mitaani huwa ni fujo, lakini wakikusikia wewe ukilisema unalia, wanaridhika. Ninajivunia wewe sana."

"Baba, Zawena arudishwe shule."

Bwana Tawfiki aliketi, akalaza viganja juu ya meza iliyotulia.

"Fikiri vizuri, mwanangu. Ukisoma yale maneno, watu watalia kwa nini? Kwa sababu ya Zawena. Akirudi, watalilia nini? Utakuwa umemwondolea maana yake."

"Mimi sitaki kusoma."

"Basi nani atamkumbuka?" aliuliza baba, na kwa sauti yake ya taratibu ilisikika kama ni swali la kweli.

Yusra alisoma. Alijiambia kwamba anasoma ili Zawena asisahaulike, na mara ya kwanza ilikuwa hivyo. Alisoma Wizarani, akasoma kwenye chuo cha ualimu, akasoma mbele ya wageni wenye leso. Alipofika pale kwenye hatua ya sita alitoa ngata mkobani na kuiinua, na ukumbi ulikuwa ukipumua kwa pamoja. Safari ya nne aligundua kwamba sauti yake inatetemeka palepale ilipotetemeka safari ya kwanza, na kwamba alijua tangu asubuhi kuwa itatetemeka. Jambo hilo lilimnyima raha siku mbili. Mtihani wa Taifa ulifanyika, na swali la pipa lilikuwemo. Alilikosa, akawa wa pili nchini.

* * *

Walionana Jumatano moja, nje ya nyumba mpya iliyokuwa ikijengwa mkabala na kwa kina Yusra. Zawena alikuwa ameketi juu ya rundo la mchanga. Alikuwa amevaa mfuko wa saruji uliokunjwa kichwani, na juu ya nywele kulikuwa na vumbi jekundu. Yusra alishuka garini kabla halijasimama.

"Zawena!"

"Yusra. Za siku?"

Yusra alikuwa amejiandalia maneno mengi, yakagoma. Alisema, "Ulisikia? Nimekuwa nikikutaja. Kila mahali."

"Nilisikia kwenye redio ya fundi. Ulisema vizuri."

"Nilitaka wajue."

"Walikuwa wanajua," Zawena akasema, bila hasira. "Bwana Mkwanda anajua. Mwalimu Mkuu anajua. Sisi huko kwetu tunajua hata tukilala. Wewe ndiye ulikuwa hujui."

Fundi aliita kutoka juu. Zawena alisimama, akajifuta mikono, akaupanga ule mfuko wa saruji utosini. Alipoinama, Yusra aliona mahali nywele zilipokatika, na ngozi imechubuka duara.

"Ngata yangu bado unayo?" aliuliza Zawena. "Ile ilikuwa khanga ya bibi, ni laini. Huu mfuko unakata."

Ngata ilikuwa mkobani. Mkoba ulikuwa begani. Yusra aliweka mkono juu ya zipu, akaihisi kwa ndani, duara laini. Keshokutwa ilikuwa Ijumaa, Siku ya Tafakuri, palepale shuleni, na Waziri mwenyewe angekuwepo.

"Nitakuletea Jumamosi," akasema.

Zawena alimtazama kwa muda, vilevile kama alivyomtazama siku ile aliposhauriwa aamke mapema.

"Haya," akasema, akainama kwenye matofali.

* * *

Ijumaa uwanja ulipambwa. Yusra alisoma kurasa zake mbili, akainua ngata, na Waziri alilia hadi miwani ikamteleza. Kwa heshima hiyo Yusra akaombwa amwage ndoo ya kwanza ya lile jaribio la ardhi bapa. Aliichukua mwenyewe kwa mikono miwili. Mzee Chande alikuwa amestaafishwa, kwa kuwa hotuba ilimtaja kwamba ndiye aliyekuwa akiibeba.

Alimwaga. Maji yakakusanyika miguuni pake, yakatafuta njia, yakalipata geti. Kwa mbali, huko Nyuma, mabeseni yalianza kugongana.

"Tufumbe macho," alisema Bwana Mkwanda, ambaye sasa alikuwa Afisa Usawa wa Mkoa.

Wanafunzi hawakuhitajika kufumba, wakubwa tu. Yusra aligeuka kutazama alikosimama, na akaona amesimama katika safu ya wakubwa, kati ya Waziri na baba yake, na baba yake ameshamshika mkono. Aliibana ngata kifuani. Akafumba. Alihesabu pamoja nao, mwanzo kimoyomoyo, na kuanzia saba kwa sauti.

Jumamosi alialikwa kusoma mkoa wa jirani.